Hamsini Kati ya Koni: Mwongozo kwa Dereva wa Barabara Kuu za Uingereza

Dereva aliyezoea njia ya Dar es Salaam kwenda Morogoro anajua tochi za kupima mwendo hukaa wapi. Anajua pia kwamba basi linalokuja mbele likimmulika mara mbili, askari wapo, apunguze. Anapunguza, anapita na hamsini yake kwa adabu zote, na akishawaacha nyuma anakanyaga mafuta kama kawaida. Ujuzi huo unafaa nyumbani kwa sababu askari hupima mahali. Pale ulipopigwa tochi ndipo kosa lilipo, na mita mia tatu mbele hakuna anayekujua.

Kwenye barabara kuu za Uingereza, zile zinazotajwa kwa herufi M, yaani M1, M4, M6, M25 na wenzake, ujuzi huo unakwisha kazi koni zinapoanza. Kamera za kwenye matengenezo hazikupimi pale nguzo iliposimama. Zinapima muda uliotumia kutoka nguzo moja hadi nyingine, na nguzo hizo zinaweza kuachana kwa maili nzima au zaidi. Hata dereva wa mbele akikumulika, atakuwa amechelewa.

Mwongozo huu ni wa wenzetu wanaoendesha huko: mhudumu wa wazee anayetoka zamu usiku wa manane, kijana wa kusambaza vifurushi, mgeni aliyekodi gari Heathrow kwenda harusini Leicester. Mambo ya faini na pointi nitakayoyaeleza ni ya England. Scotland na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Hatua ya kwanza: badili hesabu kabla ya kuwasha gari

Hamsini ya Tanzania ni kilomita. Hamsini ya Uingereza ni maili, na kibao hakikwambii. Kina duara jekundu, namba nyeusi katikati, basi. Maili 50 kwa saa ni kilomita 80. Arobaini ni kama 64, sitini ni kama 97, na sabini, ambayo ndiyo kikomo cha kawaida cha magari madogo kwenye barabara za M, ni kama 113.

Watu huhofia mgeni atakwenda kasi mno kwa kuchanganya vipimo. Kinachotokea mara nyingi ni kinyume chake: anaona 50, mguu unakumbuka Chalinze, na gari linajikuta likitambaa kwa maili 31 kwenye njia nyembamba, lori la tani 44 likiwa nyuma yake. Hilo nalo ni hatari. Spidomita ya gari la Uingereza huonyesha maili kwa namba kubwa na kilomita kwa namba ndogo, kama zipo. Soma kubwa. Na kama unaongozwa na ramani ya simu, hakikisha nayo umeiweka kwenye maili, usije ukawa na vipimo viwili vinavyobishana mbele ya macho yako.

Hatua ya pili: soma vibao kwa mpangilio wake

Matengenezo ya barabara kuu hayakurukii ghafla. Kwanza utaona pembetatu nyekundu yenye mtu na koleo, ambaye Waingereza wenyewe humtania kwamba anahangaika kufungua mwavuli. Hicho ni kibao cha tahadhari. Kama kuna njia itakayofungwa, vitafuata vibao vinavyoonyesha ni ipi, vikihesabu kurudi nyuma: yadi 800, 600, 400, 200. Yadi 800 ni kama mita 730, na kwa mwendo wa maili 70 unazimaliza kwa sekunde 23 hivi. Ukikiona kibao cha kwanza, anza kutafuta nafasi ya kuhamia njia nyingine. Usingoje cha mwisho.

Kisha kinakuja kibao cha mwendo. Jambo la kushika ni hili: duara jekundu lenye namba ni sheria, liwe limesimikwa kwenye chuma kando ya barabara au linawaka kwa taa juu ya njia yako. Halibembelezi na halishauri. Kikomo hicho cha muda huwekwa kwa amri rasmi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Usafiri Barabarani ya mwaka 1984, na kukivuka ni kosa sawasawa na kuvuka kikomo cha kudumu. Namba inayowaka peke yake bila duara jekundu ni ushauri, na ni ushauri wa kuufuata kwa sababu kuna foleni au ajali mbele. Alama ya X nyekundu juu ya njia maana yake njia imefungwa, toka. Tangu 2019 kamera zinaruhusiwa kuwanasa wanaopita chini ya X hiyo, na adhabu ya kawaida ni pauni 100 na pointi 3.

Kikomo kinaanza pale kibao kilipo. Hakingoji koni ya kwanza, wala hakingoji umwone fundi mwenye koti la kumeremeta. Kwa hiyo unapopita kibao, mshale uwe tayari umeshuka kwenye 50. Ondoa mguu kwenye mafuta mapema, gari lishuke lenyewe. Anayekanyaga breki kwa nguvu chini ya kibao anaanzisha wimbi la breki linalorudi nyuma hadi kwa dereva ambaye hata kibao chenyewe hajakiona.

Hatua ya tatu: elewa kamera inafanya nini

Kamera za wastani wa mwendo zilianza kutumika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo ndizo walinzi wakuu wa matengenezo ya barabara kuu. Utazitambua kwa nguzo ndefu zenye mkono uliotokeza juu ya barabara, mara nyingi za rangi ya manjano. Haziwaki mwanga kukupiga picha. Kila nguzo inasoma namba ya gari lako na kuandika saa, dakika na sekunde uliyopita. Nguzo inayofuata inafanya hivyohivyo. Umbali kati ya nguzo mbili unajulikana, kwa hiyo kompyuta inagawa umbali kwa muda, kazi imekwisha.

Chukua mfano wa nguzo mbili zilizoachana kwa maili 5. Kwa mwendo wa 50 unatakiwa utumie dakika 6 kamili. Ukitumia dakika 5 na nusu, wastani wako ni karibu 55, hata kama mbele ya kila nguzo ulipita polepole kama bibi harusi. Sasa tuseme umekwenda nusu ya kwanza kwa 70. Umetumia sekunde 129 hivi. Ili ufidie na kumaliza ukiwa na wastani wa 50, nusu ya pili utalazimika uiendeshe chini ya 39, huku malori yakikupigia honi. Na hesabu hiyo inafaa kwa nguzo mbili tu. Mara nyingi nguzo ni kadhaa, na kila kipande kinaweza kupimwa peke yake, kwa hiyo unaweza ukafidia kwa uaminifu kabisa katika kipande cha pili na barua ikaja kwa cha kwanza.

Kuna uvumi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba ukihama njia kati ya nguzo mbili, kamera inakupoteza. Uvumi huo ni mabaki ya siku za mwanzo za mitambo hii. Ya sasa inasoma njia zote na kuoanisha namba, upite kushoto uishie kulia. Kuhamahama kwenye njia zilizobanwa na koni ndiyo hatari yenyewe, na hakukuokoi.

Basi acha kuwaza kamera iko wapi. Endesha kana kwamba kipande chote, kutoka kibao cha 50 hadi kibao cha mwisho, ni kamera moja ndefu.

Hatua ya nne: shika mwendo mmoja, kisha uuhakiki

Kama gari lina kruzi na barabara haina foleni, iweke na uache mguu upumzike. Bila kruzi, gari la gia za mkono hutulia zaidi ukishusha gia moja. Injini inalia kidogo lakini mshale haupandi bila wewe kujua.

Hapa kuna jambo ambalo madereva wengi hawaambiwi. Kisheria, spidomita hairuhusiwi kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi, lakini inaruhusiwa kuonyesha mkubwa zaidi. Watengenezaji hujihami, kwa hiyo magari mengi husoma juu kidogo: mshale unasema 50, gari linakwenda 47 au 48. Mwendo unaoonyeshwa na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka huwa karibu zaidi na ukweli. Hii ndiyo sababu lori linakugandia nyuma katikati ya koni na wewe unaapa kwamba uko kwenye 50. Kifaa cha mwendo cha lori hukaguliwa na kurekebishwa kwa vipindi, na dereva wake anakwenda 50 ya kweli. Wewe unakwenda 47. Hana ugomvi na wewe, ana ratiba. Hakiki mara moja kwa GPS, ujue gari lako linadanganya kwa kiasi gani, kisha uongeze hadi 50 halisi kama hali inaruhusu.

Vipi kuhusu ile 57? Utaisikia: eti polisi hawamwandikii mtu hadi azidi kikomo kwa asilimia 10 na kuongeza maili 2, yaani 57, kwa hiyo kwenye 50 una ruhusa hadi 56. Mwongozo huo wa wakuu wa polisi upo kweli, lakini ni mwongozo wa polisi kuamua nani wa kumshughulikia. Haukupi haki yoyote. Kosa linaanza kwenye 51, na hakuna polisi anayelazimika kungoja. Anayeifanya 56 kuwa kikomo chake amejinyima akiba yote aliyokuwa nayo. Mteremko mmoja tu, na barua iko njiani.

Hatua ya tano: chagua njia yako mapema na ubaki nayo

Kwenye matengenezo njia hupunguzwa upana ili zipatikane zote tatu mahali ambapo mafundi wamechukua bega la barabara. Njia ya kulia ndiyo hubanwa zaidi, na mara nyingi utaona kibao kinachotaja upana wa juu wa gari linaloruhusiwa humo, kwa mfano futi 6 na inchi 6, karibu mita 2. Gari la kusambaza mizigo likihesabiwa vioo vya pembeni linazidi hapo kirahisi, na baadhi ya magari ya familia ya siku hizi pia. Kama hujui upana wa gari lako, kaa kushoto. Dereva wa gari la kukodi ndiye hasa ninayemwambia.

Njia inapofungwa, watu huja na tabia za nyumbani. Kuna wanaotanua, na kuna wanaochomekea dakika ya mwisho. Kanuni ya barabara ya Uingereza inakubali magari yaunganike moja baada ya jingine, zamu kwa zamu, pale mwendo unapokuwa wa polepole sana na hali ni salama. Kwa hiyo kwenye foleni inayotambaa, kutumia njia zote mbili hadi zinapokutana si ujanja wala uhuni. Mruhusu mmoja aingie, kisha wewe uende. Lakini mwendo ukiwa 50, hama mapema. Zamu kwa zamu haifanyiki kwa kilomita 80.

Umbali kutoka gari la mbele ndio unaowaponza wengi, kwa sababu kila mtu anakwenda mwendo uleule na kunaonekana kuna utulivu. Kanuni ya barabara inatoa umbali wa kusimama kwa lami kavu: mita 53 kwa maili 50, mita 73 kwa 60, mita 96 kwa 70. Ndani ya koni huna pa kukwepea. Kushoto kuna ukingo wa chuma au zege, kulia kuna gari. Sekunde mbili za nafasi ndizo kinga yako, na kwenye mvua zifanye nne.

Hatua ya sita: usitafute mafundi

Lalamiko ambalo halikosekani ni hili: "Maili kumi za koni, hamsini mwanzo hadi mwisho, na sijaona mtu hata mmoja akishika koleo." Nimelisikia kwa Waingereza na kwa Waswahili, kwa ukali uleule. Lina ukweli ndani yake, na wasimamizi wa barabara hizo, National Highways, walilikubali kwa sehemu. Baada ya majaribio, pamoja na yale ambayo madereva walivalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo na zaidi ya nusu wakaonekana kutulia zaidi kwenye 60, walitangaza Julai 2020 kwamba maili 60 zinaweza kutumika kwenye matengenezo pale ambapo ni salama. Sababu mojawapo ni hao hao jamaa wa malori. Lori kubwa limefungwa kifaa kisichoruhusu lipite maili 56, kwa hiyo kwenye 60 gari dogo linapata nafasi ya kuliacha. Ndiyo maana leo unaweza kukuta 60 mahali na 50 mahali pengine, au hata 40 pale magari yanapovushwa kwenda upande wa pili wa barabara. Usikariri ya jana. Soma kibao cha leo.

Lakini mlalamikaji anakosea jambo moja kubwa. Anadhani 50 ni kwa ajili ya fundi, kwa hiyo fundi asipokuwepo haina kazi. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa usiku, na zege likishamwagwa linahitaji muda wa kukaza bila mtu kulisimamia. Mchana wote huo hali ya barabara haibadiliki: njia bado ni nyembamba, bega halipo, ukingo ni wa muda, na gari likiharibika linasimama kwenye njia yenyewe. Mwendo umeshushwa kwa sababu ya barabara yenyewe.

Na fundi akiwepo, yuko karibu kuliko unavyodhani. Taratibu za usalama za serikali zinataka nafasi ya mita 1.2 kati ya eneo la kazi na magari yanapokwenda maili 50 au zaidi. Hicho ni kimo cha mtoto wa darasa la pili. Fikiria umesimama hapo saa nane za usiku, umeinamia kifuniko cha mtaro, na trela linapita likikuvuta koti kwa upepo wake. Utaona pia nyuma ya vikosi hivyo lori lenye mshale mkubwa wa taa na kitu kama sanduku kubwa limening'inia nyuma. Sanduku hilo ni kinga ya kufyonza kishindo. Lori zima limewekwa pale ili dereva aliyesinzia aligonge lenyewe badala ya watu walio mbele yake, na linagongwa kweli. Mshale ukielekeza kulia, nenda kulia mapema, hata kama mbele yake huoni kitu.

Faida ya kukimbia nayo ihesabiwe. Kati ya 2018 na 2022, M4 kati ya London na Reading ilikuwa na koni kwa vipande virefu, na Waswahili wa Reading na Slough waliipita kila siku kwenda kazini. Maili 10 kwa mwendo wa 50 ni dakika 12. Kwa 60 ni dakika 10. Kwa 70, ukiwa umevunja sheria waziwazi, ni dakika 8 na nusu. Dakika tatu na nusu ndizo zinazonunuliwa kwa pauni mia na pointi tatu.

Hatua ya saba: gari likizima katikati ya koni

Ukihisi tatizo na bado gari linatembea, jitahidi ulitoe kwenye njia ya kutokea iliyo karibu, au ulifikishe kwenye kituo cha dharura, ambacho hupakwa rangi ya chungwa. Ikishindikana, washa hazadi, shuka kwa mlango wa kushoto, abiria wote washuke, mvuke ukingo kama unavukika, mkae mbali na gari. Usiinue boneti kuangalia. Kama hamwezi kushuka salama, bakini na mikanda na mpige 999. Dharura isiyo ya kutisha hivyo, namba ya National Highways ni 0300 123 5000.

Kwenye matengenezo mengi kuna vibao vinavyosema gari lako litavutwa bure na kwamba usubiri. Ni kweli, hulipi. Kikosi kipo palepale kwa kazi hiyo na kitakutoa hadi mahali salama. Usimpigie shemeji aje na kamba.

Hatua ya nane: usikanyage mapema

Koni zikiisha, mguu unawasha. Vumilia. Kikomo hakiishi kwenye koni ya mwisho, kinaishia kwenye kibao: ama kile kinachotangaza mwisho wa matengenezo, ama duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari, linalorudisha kikomo cha kawaida cha nchi. Nguzo ya mwisho ya kamera inaweza kuwa baada ya fundi wa mwisho.

Hatua ya tisa: barua ikija

Polisi wana siku 14 tangu kosa kutendeka kuifikisha taarifa kwa mwenye gari aliyesajiliwa. Kama gari ni la kukodi au la kampuni, barua ya kwanza inakwenda kwao, na yako inaweza kukufikia wiki kadhaa baadaye na bado ikawa halali. Una siku 28 za kujibu nani alikuwa anaendesha. Kutojibu si kujificha. Ni kosa lingine, lenye pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000, baya kuliko lile la mwendo.

Kosa likiwa dogo na hujahudhuria kozi ya mwendo ndani ya miaka 3 iliyopita, unaweza kupewa nafasi ya kuihudhuria badala ya pointi. Unailipia mwenyewe, unasikiliza, yanaisha. Ukipewa, ichukue. Vinginevyo ni pauni 100 na pointi 3, zinazoandikwa kwenye leseni kwa alama SP50 na kukaa humo miaka 4, na ujue bima lazima itauliza. Ukinaswa na 76 au zaidi kwenye 50, jiandae kwa mahakama: pointi 6 au kufungiwa leseni kati ya siku 7 na 56, na faini kwa makosa ya mwendo ya barabara kuu inaweza kufika pauni 2,500.

Sasa sikiliza, wewe uliyehamia karibuni. Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uanze kuishi huko, kisha unafanya mtihani wao upya, hata kama umeendesha Fuso miaka ishirini. Ukifaulu, sheria inakuhesabu dereva mpya kwa miaka 2, na dereva mpya akifikisha pointi 6 leseni yake inafutwa. Anarudi kuwa mwanafunzi mwenye kibao cha L. Makosa mawili madogo ya koni yanatosha, na mhudumu anayezungukia nyumba za wagonjwa bila leseni hana kazi. Wazoefu wana hadi pointi 12 ndani ya miaka 3.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: kaka mwenye leseni safi achukue zile pointi. Usimwombe, na ukiombwa kataa. Chris Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati wa Uingereza, alinaswa na kamera kwenye M11 mwaka 2003, na mke wake wakati huo, mwanauchumi Vicky Pryce, akaandikiwa pointi hizo. Miaka kumi baadaye, Machi 2013, wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi 8 kila mmoja kwa kupotosha haki. Kosa lenyewe la mwendo lilikuwa la pointi 3.

Barua hizi zote zinakwenda kwenye anwani iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Sisi tunahama sana: chumba Luton, chumba Northampton, kwa rafiki Birmingham, na kadi inabaki na anwani ya nyumba ya kwanza. Barua inafika kwa mpangaji asiyekujua, siku 28 zinapita, na jambo la pointi 3 linageuka la 6. Kubadili anwani DVLA, mamlaka ya leseni na usajili wa magari, ni bure na kunafanyika kwenye mtandao, lakini kuiacha ya zamani kunaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 1,000. Toa kadi yako leo, usome anwani iliyoandikwa, na kama si unapolala, ibadilishe kabla hujarudi barabarani.